Ati Diani ni bwawa tu lenye chumvi

Novemba ikifika simu yangu haipumziki, kila mtu anataka kujua kuogelea kabla apande treni ya SGR kwenda Pwani. Sawa, ndio kazi yangu hapa Nairobi. Lakini wiki hii tena mteja ameniambia, "kochi, Diani haina noma, kuna mwamba unazuia mawimbi, ni bwawa tu lenye chumvi." Jameni nimechoka. Wacha niandike mara moja niwe nawatumia tu hii.

Mwamba unapunguza mawimbi, kweli. Hauzuii maji kusonga. Pwani yetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti inafika mita 3 na zaidi, hiyo imepita dari ya bedsita yako. Sasa hayo maji yote yaliyoingia ndani ya mwamba yatatokea wapi? Yanatafuta mlango, yale mapengo wavuvi wanapitishia ngalawa, na ukiwa karibu hapo maji yakipwa unavutwa nje nayo. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mlangoni maji ni marefu kwa hivyo mawimbi hayavunjiki, panaonekana pametulia kabisaa, basi mtu anaacha penye povu anaenda hapo akisema "hapa ndio poa". Si poa!

Halafu kuna wale wa kutembea hadi mwambani maji yakipwa, wapige picha na kiti cha pweza (muache majini tafadhali). Maji yakirudi hayakungoji huko mwambani, yanajaza kwanza ile sehemu ya chini iliyo kati yako na ufuo. Ulipita yakiwa ya magoti, unarudi yako kifuani. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama masaa 6, lakini karibu nusu ya maji huingia kwenye lisaa la tatu na la nne tangu yaanze kujaa, ndio watu wanashtukia. Na usiniambie jana mlienda saa nne mkarudi salama, saa zinasogea kama dakika 50 kila siku. Uliza mvuvi, ama hata bichi boi, wanajua.

Jeti-ski na boti ya ndizi (lile puto refu la kukokotwa): laifu jaketi ikuingie, ifungwe, mtu akiivuta juu kwa mabegani ikipanda hadi masikioni hiyo si saizi yako. Zile plastiki za mkononi za watoto ni toi. Pombe sitaki hata kuongea.

Ukivutwa je? Mimi nafundisha usipigane kurudi moja kwa moja, ogelea sambamba na ufuo. Lakini kuna watafiti waliofuatilia hii mikondo ya kuvuta watu nje wakaona mingine inazunguka na kukurudisha, kwa hivyo heri uelee tu, na wengine wakabisha. Na kwa mlango wa mwamba sipendi jibu lolote, ukielea unaweza kutolewa nje, ukienda kando unaweza kutua kwa mwamba mkali mawimbi yakivunjika.

Kitu kimoja sina shaka nacho ni kuelea chali, unapumua, unainua mkono mmoja uonekane. Ndio maana sifundishi fristaili kabla ya hapo, hata ukinung'unika "kochi mbona bado nalala tu kwa maji". Hutaki, makochi wengine wako kibao.