Kuichakaza Götzen: kutu ya ziwani sio kutu ya baharini

Nianze na kipimo manake hapo ndo kila kitu kinaamuliwa. Naunda modeli ya Graf von Götzen, ile meli ya vita ya Wajerumani ambayo sisi wa Kigoma tunaijua kama Liemba, kwa kipimo cha 1 kwa 50. Meli yenyewe ina mita 71 na ushee kwenda urefu na mita 10 upana, kwa hiyo mezani inatoka sentimita 143 kwa 20 hivi, mzigo wa watu wawili. Kwa ukubwa huo huwezi kuficha kitu, riveti, zile pini zinazogongwa kuunga mabati, zinaonekana, maungio ya mabati yanaonekana, na kutu ikikaa pasipo pake inaonekana kuliko vyote.

Bodi naipitia haraka. Mkuku, ule uti wa chini, na mataruma, yaani mbavu zake, ni plaiwudi ya milimita 3, katikati najaza mbao laini napiga msasa mpaka omo na tezi vikae sawa, halafu juu navalisha vipande vya manila vilivyonyweshwa sanding sila ya maseremala, kipande kimoja ni bati moja la meli. Riveti ni matone ya gundi nyeupe ya mbao, nayadondosha kwa bomba la sindano, mstari kwa mstari, kazi ya usiku mwingi na usiharakishe. Sio pambo zile. Meli hii iliundwa kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaungwa kwa bolti tu, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye makasha 5,000 mpaka Dar, ikaja na reli ya kati. Mafundi watatu wa kiwanda, Rüter, Tellmann na Wendt, wakaja kusimamia, na riveti zikagongwa hapahapa Kigoma na vibarua wa hapa, mpaka ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ndo maana mimi riveti siziruki.

Sasa kuchakaza, yaani kuipa modeli sura ya meli iliyotumika. Watu wengi wakitaka kuchakaza Götzen wanaenda kuangalia Liemba, au wanafungua picha za modeli za manowari za baharini wanakopi ile kutu ya rangi ya chungwa inayotiririka kila mahali. Vyote viwili havikupeleki kwenye meli yenyewe. Liemba imeishi zaidi ya miaka mia, imezamishwa, imeibuliwa, miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke ikawekwa dizeli, na majumba ya juu ya sitaha yamebadilishwa sana. Götzen ya vita haikufikisha hata miaka miwili juu ya maji, manake Wajerumani wenyewe waliizamisha 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mashine wamezipaka grisi nzito ili zisiharibike. Halafu Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hayana ile chumvi inayokula chuma usiku na mchana, wala wale viumbe wenye magamba magumu wanaogandia matumbo ya meli za baharini hatuna. Kwenye mstari wa maji weka mwani wa kijani mwembamba na juu yake weupe kidogo wa maji yaliyokaukia, inatosha.

Kwa hiyo unachotafuta ni meli mpya iliyofanyishwa kazi ngumu, sio meli iliyooza. Rangi iliyokwanguka pale kamba zinapopita, pale boti ndogo zinapogonga ubavuni, kwenye kingo za ngazi, kwenye tundu la nanga. Hapo natumia chumvi, na chumvi yangu ni ya Uvinza ile ya mawe, naiponda isilingane. Kwanza napaka kahawia ya kutu, ikikauka naipiga vanishi, nalowesha kidogo kwa maji sehemu ninayotaka, nanyunyiza chumvi, inakauka inashika, napulizia kijivu juu. Kijivu kikikauka nasugua kwa brashi ya meno iliyolowa, chumvi inaondoka inaacha vidonda ambavyo mkono wako usingeweza kuvichora, kwa sababu mkono unapenda kupanga na kutu haipangi.

Hicho kijivu kiongeze nyeupe kabla ya kupuliza. Rangi kamili ya meli ukiipaka kwenye kitu kidogo inaonekana nzito mno, macho yanakataa.

Baada ya hapo rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyoungua, natia kitone chini ya tundu la kutolea maji ya sitaha, navuta kwenda chini kwa brashi yenye tinna kidogo sana, navuta tena mpaka ibaki kivuli tu. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinaosha ubavu wima, kwa hiyo michirizi iende wima na iwe membamba. Juu ya dohani masizi ya kweli, nayakwangua jikoni.

Kuna sehemu moja tu naruhusu uchakavu wa baharini na naipenda kuliko zote, mzinga mkubwa wa omo. Ule wa sentimita 10.5 ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, ukaokolewa kwenye maji ya delta, ukarekebishwa, ukapandishwa reli mpaka huku. Kwa 1 kwa 50 mtutu wake ni milimita 84, tundu milimita 2 tu. Mimi naupa kijivu tofauti na cha meli na vidonda vyenye kina, chuma kilichopita vita nyingine. Na ujue tarehe unayounda: kabla ya Julai 1915 mzinga huo haupo, na mwaka 1916 ulishushwa ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, kwa hiyo anayeunda meli ya siku za mwisho asiuweke.

Vanishi ya mwisho iwe isiyong'aa, na masika usiipulize asubuhi, unyevu wa ziwa unaifanya iwe na ukungu mweupe, subiri jua la saa sita mchana.