"Nimeacha Dawa, Nimesimama katika Imani": Mambo Ambayo Biblia Haikusema

"Mchungaji, nimeacha dawa. Nimesimama katika imani."

Ukihudumu kwenye wodi za hospitali kama mimi, sentensi hii utaisikia hadi uijue kwa mdundo wake. Anayeitamka mara nyingi pumzi inamkatika, shati limemwelea mwilini, lakini anaisema kwa sauti ya ushuhuda na kusubiri nijibu "Amina". Sijibu. Kazi yangu ni kuwaombea wagonjwa, na ninaamini Mungu huokoa, kwa hiyo asije mtu akasema napunguza watu maombi. Ila nimechoka kuzika watu ambao leo tungekuwa nao kwenye mazoezi ya kwaya.

Dhana: Kumeza dawa ni kumkosea Mungu imani

Wanaoishika dhana hii hawaji mikono mitupu, wanakuja na maandiko. Wa kwanza kuletwa ni mfalme Asa. Mambo ya Nyakati cha pili, sura ya 16, kinasema kwamba miguu yake ilipougua hakumtafuta Bwana, bali waganga. Mtu ananisomea hapo, kidole kikiwa juu ya neno "waganga", kisha anafunga Biblia kana kwamba kesi imekwisha. Ndugu yangu, anza kusoma sura hiyo mwanzo. Asa alikuwa ameshachota fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana akampelekea Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, ili amsaidie vitani. Mwonaji Hanani alipomkemea, akamtia gerezani. Ugonjwa ulimkuta mtu aliyekwisha kumtoa Mungu katika mambo yake yote, na hata kitandani hakugeuka. Aliloandikiwa kosa ni kutomtafuta Bwana. Wewe unayeomba asubuhi, ukameza kidonge, ukaomba tena jioni, unafanana na Asa kwa lipi?

Wa pili kuletwa ni yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake kwa matabibu na hali ikazidi kuwa mbaya. Kweli, Marko ameandika hivyo. Soma basi mpaka mwisho uone kama Yesu alimkaripia kwa kwenda kwa matabibu. Hakuna. Yesu huyohuyo ndiye aliyesema, "Wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi." Na Luka, ambaye Injili yake tunaisoma kila Krismasi, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Hakumwambia atubu kazi yake.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayeniletea Hezekia. Mfalme huyu aliugua karibu ya kufa, akageuza uso ukutani, akaomba akilia. Mungu akamjibu kwa kinywa cha Isaya: nimeyasikia maombi yako, nimeyaona machozi yako, nitakuponya, na nitakuongezea miaka 15. Ahadi kubwa kuliko hiyo mgonjwa ataipata wapi? Lakini nabii aliyebeba ahadi hiyo ndiye aliyeagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Wakauleta, wakauweka, mfalme akapona. Hezekia hakusema, "Nabii, ukinibandika tini utakuwa umeharibu imani yangu."

Habari hiyo imo pia katika kitabu cha Isaya, sura ya 38. Nasisitiza kitabu kwa sababu wengi wananijibu kwa Isaya 53, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", halafu wanauliza: kama nimeshapona, dawa za nini? Naupenda mstari huo, nimeuhubiri mara nyingi. Ila kitabu chenye mstari huo ndicho chenye mkate wa tini. Huwezi kulibeba jani moja na kulichana lingine.

Sasa tuje wodini. Wanaoniumiza zaidi ni watumiaji wa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mtu amehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi hivyo, kwa uaminifu, kipimo cha wingi wa virusi kinasoma kwamba virusi havionekani, anarudi kanisani analia kwa furaha. Mpaka hapo na mimi nalia naye. Kisha kuna anayemwambia, "Umepona, usimtie Mungu aibu kwa kuendelea na vidonge." Virusi havijaondoka. Dawa imevifubaza, vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dozi ikikatika vinaanza kuzaliana tena, kwa watu wengi ndani ya wiki chache. Tatizo ni kwamba katika wiki hizo za mwanzo mtu hasikii tofauti yoyote. Pengine anajisikia vizuri kuliko jana. Na ndizo wiki anazopewa maikrofoni atoe ushuhuda. Anapoletwa kwetu baadaye na fangasi kooni au homa ya uti wa mgongo, hakuna anayempa maikrofoni.

TB nayo ina mtego wake. Ukianza dawa, kikohozi kinaisha na mwili unarudi muda mrefu kabla dozi ya miezi 6 haijaisha. Ukiziacha kwa kuwa "Bwana ameniponya", vimelea vilivyobaki vinaamka, na huenda vikaamka vikiwa sugu. Hapo umejitafutia matibabu magumu zaidi, na umewakoholea watoto unaolala nao chumba kimoja. Presha mara nyingi haitoi dalili mpaka kiharusi. Kifafa ukikikatia dawa ghafla kinaweza kurudi na degedege za mfululizo zinazoua. Na yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, mtoto au kijana, akinyimwa sindano haishi wiki nyingi, ni suala la siku. Mzazi anayemnyima mwanawe sindano hiyo na kusema anasubiri muujiza, nitamwambia usoni alichomwambia Yesu ibilisi juu ya kinara cha hekalu: usimjaribu Bwana Mungu wako.

Watanzania tulishapita darasa hili kwa wingi. Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu pia, ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu. Kikombe kimoja cha dawa yake ya mitishamba kiliuzwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni porini, wagonjwa wengine wakafia njiani wakisubiri zamu. Sina ugomvi na marehemu Babu, alifariki mwaka 2021 na hukumu si yangu. Ninachokumbuka ni waliorudi kutoka kule wakaweka ARV na vidonge vya sukari pembeni kwa sababu wamekwisha kunywa kikombe. Imani waliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, siwezi kuibeza. Haikuzuia sukari kupanda.

Basi ushauri wangu, ambao manesi wanaujua mpaka wananitania: umeombewa, unaamini umepona, haleluya, sasa kapime. Wala si ushauri wangu. Wale wakoma kumi wa Luka 17 waliambiwa wakajionyeshe kwa makuhani, na katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa akimkagua mwenye ukoma na kutangaza kama ni safi. Yesu hakuogopa muujiza wake ukaguliwe. Kwa nini sisi tunaogopa maabara? Mungu akikuponya, kipimo kitakubali, na daktari ndiye atakayekutoa kwenye dawa. Uponyaji unaokimbia kipimo una shaka ndani yake, nami sioni aibu kusema hivyo.

Na kama kuna mtumishi aliyekuambia uache dawa, nenda na karatasi. Mwombe aandike, "Nimemwagiza fulani aache dawa", aweke jina, tarehe na saini. Nimewatuma wengi. Hakuna aliyerudi na karatasi.

Dhana: Kufunga kunazidi nguvu kadiri unavyojitesa

Hii ni ndugu ya hiyo ya kwanza. Mgonjwa wa sukari anafunga kavu siku tatu kwa kuwa Esta alifunga siku tatu. Esta hakuwa anachoma insulini. Sukari ikishuka ghafla mtu anaanguka na kupoteza fahamu, na waombaji wenzake wanadhani amejazwa Roho. Mwenye dawa za kumeza na chakula, mjamzito, mama anayenyonyesha, afunge kitu kingine: simu, runinga, umbea. Na yeyote anayekuambia ufunge mpaka ukutane na Yesu, kumbuka msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako waumini walifunga mpaka wakafa, na tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo.

Dhana: Mungu hawezi kukupa mzigo usioweza kuubeba

Tafadhali msimwambie hivi mama aliyetoka kuzika mtoto. Mstari unaotajwa, Wakorintho wa kwanza 10:13, unazungumzia majaribu ya kutenda dhambi na mlango wa kutokea. Paulo aliyeuandika ndiye aliyewaandikia haohao Wakorintho, katika waraka wa pili, kwamba kule Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kuliko nguvu zao. Anaeleza pia kwa nini: wasijitumainie wenyewe bali Mungu awafufuaye wafu. Kwa hiyo mtu akikuambia mzigo umemshinda, huenda anasema kweli tupu. Mshike upande wa pili.

Ndiyo maana pia nasumbuliwa na wanaosema mwenye Mungu hahitaji kumweleza mtu shida zake. Eliya, nabii aliyeshusha moto, alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akamlisha tena. Anayeshindwa kulala, kula wala kuoga kwa wiki kadhaa, na anayewaza kujiua, aombewe na apelekwe kliniki ya afya ya akili, vyote viwili, wiki hiyohiyo. Tena asiachwe peke yake usiku. Kukemea "roho ya huzuni" kisha kumrudisha kwenye chumba kitupu si huduma.

Dhana: Ukilia au kuuliza "kwa nini", umepungukiwa imani

Haya nitayamaliza haraka. Fungua Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Fungua ya 88, ambayo inalalamika mwanzo hadi mwisho na haikuombewa iondolewe kwenye Biblia. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya, na hizo ndizo siku zao njema. Walipofungua vinywa kumtafutia dhambi yake ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Wageni wa wodini, mnaokuja na chungwa mkononi na swali la "hebu chunguza maisha yako", mmesikia.

Dhana: Ukombozi una tarehe, nabii anaijua

"Ndani ya siku saba." "Mwezi huu hautaisha." Watu wanaahirisha upasuaji kwa sababu ya tarehe hizi, na uvimbe hausikilizi kalenda ya nabii.

Nyuma ya dhana hii mara nyingi kuna Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani na si ya mabaya, tunaoubandika kwenye magari na kanga. Uliandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Sura moja kabla yake, nabii Hanania anatabiri kule Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili nira ya mfalme wa Babeli itavunjwa. Watu walimpenda, nani asingempenda? Yeremia akaandika barua: ni miaka 70. Jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, uombeeni mji mliomo. Na Hanania akafa mwaka uleule. Wengi waliosomewa barua ile walijua kwamba hawataiona safari ya kurudi, na bado barua ile ndiyo iliyokuwa neno la Mungu kwao.

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki akiniuliza atatoka lini, simpi tarehe. Namwambia tujenge nyumba hapahapa: nani atakuleta kliniki Jumatatu, nani atabaki na watoto, shambani atapalilia nani. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba utolewe. Haukutolewa. Akapewa jibu, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Wapo niliowaombea wakatoka wodini wanatembea. Wapo niliowaombea vilevile, kwa maneno yaleyale, tukawapeleka makaburini, na sitakubali mtu aje msibani kuniambia hawa wa pili walikuwa na imani ndogo. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Walisema hivyo kabla hawajajua kama wataungua.

Dhana: Panda mbegu, mlango utafunguka

Mwenye mgonjwa ameuza mbuzi, pesa imekwenda kwenye sadaka ya ukombozi, na dawa iliyoandikwa na daktari haijanunuliwa. Maji na mafuta ya upako sitayajadili sana. Yakobo alisema wazee wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana, na mimi huyapaka, bure, hapo kitandani. Lakini Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta uwanjani. Usimfuate Mungu kwa kumkanyaga jirani yako.

Kabla hujauza mbuzi, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ulipo. ARV na dawa za TB hazilipiwi. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha kwa mujibu wa sera. Nenda na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, uende asubuhi kabla foleni haijajaa. Kama hujui mlango ni upi, uliza mapokezi, au muulize mchungaji wa hospitali. Hiyo nayo ni kazi yetu.