Je, wajua? Takhi si babu wa farasi wa kufugwa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba takhi, farasi mfupi wa nyika za Mongolia, ndiye mzazi wa farasi wote wanaopandwa leo, kama mbwa mwitu alivyo kwa mbwa. Umbo lake linashawishi. Kimo sentimita 130 hivi mabegani, rangi ya mchanga, tumbo jeupe, mstari mweusi mgongoni, manyoya ya shingo yamesimama wima kama brashi, na miguuni ana michirizi hafifu ya kukumbusha punda milia. Hana hata kishungi cha kumwangukia usoni.

Kumbe ni binamu. Koo hizi mbili ziliachana makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, kabla binadamu hajamtia farasi yeyote hatamu. Vinasaba kutoka mifupa ya kale vinaonyesha kuwa asili ya farasi wa leo ni nyika za mito Volga na Don, Urusi, na kwamba walianza kuenea mbali yapata mwaka 2200 KK. Mustang wa Marekani naye ni wa ukoo huohuo wa kufugwa: mababu zake waliletwa na Wahispania, wakatoroka.

Tofauti inayonivutia zaidi iko kwenye kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Farasi wa kufugwa ana 64, takhi ana 66. Nilidhani takhi ana maelezo ya ziada mwilini. Sivyo.

Chukua doti ya kanga ambayo haijakatwa. Ipitishie mkasi katikati: umepata vipande viwili, lakini hakuna ua lililoongezeka wala neno la jina lililopotea. Ndivyo ilivyo hapa. Jozi moja ndefu ya farasi wa kufugwa, kwa takhi ni jozi mbili fupi.

Sasa wakizaliana, mtoto hupata 65: doti nzima kutoka upande mmoja, vipande viwili kutoka upande wa pili. Mwili unapotengeneza mbegu au yai, kromosomu za baba na mama hulazwa sambamba. Vipande vikilazwa juu ya doti, pindo huangukia pindo na mji huangukia mji, hivyo mgawanyo hukamilika na mtoto huyo huzaa. Nyumbu (mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti) ana 63, na karibu daima ni tasa. Kanga za punda zimekatwa na kushonwa upya mahali pengi mno, maua hayakutani.

Je, takhi ni wa porini tangu asili? Utafiti wa 2018 ulisema ametokana na farasi wa Botai, kaskazini mwa Kazakhstan, waliofugwa miaka 5,500 hivi iliyopita. Mwaka 2021 wengine walipinga: meno ya farasi wa Botai, walisema, ni ya wanyama waliowindwa. Kwangu mimi, vinasaba vinatambua ndugu, havitambui kamba shingoni.

Takhi wa mwisho porini alionekana 1969, na waliorudishwa Hustai, Mongolia, kuanzia 1992 walitoka kwenye wachache waliotunzwa kifungoni. Miongoni mwa waasisi hao yumo jike wa kufugwa wa Kimongolia, aliyezaa na takhi huko Halle, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Uzao wake haukuwa tasa.