Takataka, mto Ruzizi na falsafa ya pragmatizimu

Kila mwaka ninapoanza somo la utawala wa umma hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanafunzi hudhani kwamba pragmatizimu ni jina la heshima la Kifungu cha 15, ule msemo wetu wa mitaani, yaani kila mtu ajitafutie njia alimradi siku ipite. Sivyo. Mwanafalsafa Charles Sanders Peirce, aliyeweka msingi wake nchini Marekani mwaka 1878, alidai jambo gumu zaidi: maana ya wazo itafutwe katika matokeo ya kivitendo yanayotarajiwa kutokana nalo, na wazo lolote, hata lililopigwa muhuri, liwe tayari kusahihishwa.

Anayemfaa zaidi mtumishi wa umma, yule tunayemwita mtu wa leta, yaani wa serikali, ni mwanafalsafa Mmarekani John Dewey. Mwaka 1927 alieleza kwamba umma huzaliwa pale shughuli za watu fulani zinapowagusa wengine wasiohusika nazo, kiasi cha kulazimu matokeo hayo yasimamiwe. Chupa ya plastiki iliyotupwa mferejini Kadutu, mojawapo ya komine (wilaya za mji) za Bukavu, husombwa na mvua hadi ziwa Kivu, kisha mkondo ukaifikisha kwenye bwawa la Ruzizi, ambako takataka huziba mitambo na umeme ukakatika kwa watu wasiojua chupa hiyo ilitoka mtaa gani. Hao, pamoja na mtupaji mwenyewe aliyekaa gizani, ndio umma wa Dewey, na mipaka yake haifuati ile ya komine.

Ofisi ya serikali nayo hutoa amri na faini dhidi ya kutupa taka ovyo, kisha hushangaa mifereji ikijaa tena. Mama mmoja muuza ndizi, tuliyemkuta akishindilia maganda guniani, alitueleza: "Mwalimu, pale pa kutupia wanafunga saa kumi, na sisi tunatoka soko saa kumi na mbili." Pengo hilo la saa mbili halikuwamo katika ripoti yoyote tuliyoonyeshwa. Mpragmatisti angeichukua amri ile kama nadharia tete: tukitoza faini, mfereji utabaki safi. Kisha angeshuka kuutazama baada ya mvua, na akiukuta umejaa, angeishuku amri kabla ya kumshuku mama.

Jane Addams, mwanaharakati wa kijamii wa Marekani na rafiki wa Dewey, alifanya hivyo hasa: mwaka 1895, alipoteuliwa kuwa mkaguzi wa taka wa kata ya 19 mjini Chicago, alikuwa akiamka alfajiri kufuata mikokoteni ya taka. Wenzangu wengine huiita hiyo kazi ya karani. Mimi mwaka huu nimewapangia wanafunzi watatu kusimama pale pa kutupia kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, daftari mkononi, kabla hatujafungua ukurasa hata mmoja wa sheria ya mwaka 2008 kuhusu miji na komine.