Kadi ya mdiria: anza na mdomo

Wateja wangu wa Mtwara mjini wakiagiza kadi yenye ndege, wengi hutaja tausi. Tausi anapendeza, sikatai. Lakini ukishuka kuelekea Mikindani, pembeni ya mikoko, kuna ndege anayekaa vizuri zaidi kwenye kadi: mdiria wa mikoko. Mabawa na mkia ni bluu, kichwa kijivu, tumbo jeupe, na mdomo mwekundu mtupu, juu na chini. Ana ndugu yake wa misituni anayefanana naye sana, ila huyo mdomo wake ni mwekundu juu na mweusi chini. Kwa hiyo mdomo ndio unaomtambulisha.

Ndiyo maana mimi hukata mdomo kwanza, kwenye manila nyekundu, mrefu na mnene kuliko unavyodhani unafaa. Nauweka juu ya kadi, nausogezasogeza mpaka upate mahali pake, kisha mwili unaufuata. Wengi huanza na mwili, wakifika mdomoni nafasi imekwisha, wanaufupisha. Wanapata njiwa aliyepakwa rangi. Shingo nayo msimpe: mdiria akitulia hujikunyata, kichwa kikazama mabegani, hivyo kichwa na mwili vikatwe pamoja, kipande kimoja. Jicho ni nukta, na mstari mweusi unaotoka mdomoni kulifuata. Basi.

(Mkitafuta picha mtandaoni, angalieni. Nyingi ni za mdiria wa Ulaya mwenye tumbo la rangi ya chungwa. Hata sisi tunao wadogo wenye tumbo hilo, ila wa mikoko hana.)

Bawa nalitengeneza kwa vipande vya kanga ya bluu vinavyobaki kwa fundi cherehani. Kanga mpya huchuja rangi, na gundi ikiwa na maji bluu yote itahamia kwenye kadi nyeupe, kwa hiyo fua kwanza, anika, piga pasi. Kisha bandika kitambaa chote juu ya karatasi nyembamba, acha kikauke kabisa, ndipo ukate bawa. Ukikata kabla ya kubandika, nyuzi zinafumuka na ukingo unakuwa na manyoya ambayo ndege mwenyewe hana.

Kadi yenyewe ni A4 iliyokatwa katikati kisha ikakunjwa: unapata milimita 105 kwa 148, inayoingia kwenye bahasha ya C6. Kabla ya kukata, pinda karatasi taratibu kwa urefu, halafu kwa upana, bila kuivunja. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na mkunjo wa kadi upite huko huko. Ukikunja kinyume, mgongo wa kadi unapasuka na kuonyesha weupe wa ndani, hasa kwa manila ya rangi. Chora mkunjo kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino.

Gundi ndiyo inayowashinda wengi huku pwani. Karatasi ikilowa hutanuka, na hutanuka zaidi kukata nyuzi kuliko kuzifuata, ndiyo maana kadi inajikunja. Paka kidogo, tena kwenye kipande kidogo, si kwenye kadi. Weka chini ya vitabu vizito mpaka kesho yake. Masika usiharakishe, karatasi inayoonekana kavu bado ina unyevu.

Kwa kadi ya harusi nambadilisha ndege. Natumia mdiria mweusi na mweupe, yule anayeelea hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, nao mara nyingi umekatika katikati. Waweke wakitazamana, na mikanda usiikosee, maana bila hiyo bwana na bibi harusi hawatofautiani. Kadi hiyo inahitaji manila nyeupe na nyeusi tu, kanga haina kazi.