Duka la idara ni duka gani?

Ndani ya sanduku la bibi yangu, Chake Chake, mna blanketi la sufu ambalo halijawahi kumfunika mtu. Ni jeupe, zito, na kwenye ncha zake lina mistari minne: kijani, nyekundu, njano na buluu ya nili. Mama mdogo alilileta kutoka Toronto miaka mingi iliyopita, sijui alidhani Pemba pana baridi ya namna gani. Bibi alilipokea kwa adabu, akalikunja, akalitia fungu la karafuu ili nondo wasilitoboe, akafunga sanduku.

Juni 2025 mama mdogo akatuma ujumbe wa sauti kwamba duka alikonunua blanketi lile, Hudson's Bay, limefungwa. Si tawi moja, ni yote, Kanada nzima, na kampuni yenyewe ilianza mwaka 1670 kwa kununua ngozi za wanyama wa manyoya. Miaka 355. Bibi akataka kujua lilikuwa likiuza nini.

"Kila kitu, bibi."

"Basi hilo soko."

"Si soko, ni duka moja."

"Duka moja liuze kila kitu? La nani hilo, mwanangu?"

Hapo nilikwama, na kilichonikwamisha ni kwamba Kiswahili hakina jina lililotulia la duka la aina hii, ambalo kwa Kiingereza huitwa department store. Baadhi ya watu huandika "duka la idara", nami nitalitumia hapa kwa kukosa jingine, ingawa ukimtajia mtu wa Mlandege, mjini Unguja, atakuuliza ni idara gani, ya Uhamiaji au ya Misitu. Sisi tuna duka, tuna soko, tuna supamaketi, na sasa tuna moli. Duka la idara si lolote kati ya hayo, na swali la bibi, la nani hilo, ndilo linalofungua maana yake.

Duka la idara ni duka kubwa la rejareja lenye mwenyewe mmoja, lililogawika ndani kwa idara: vitambaa, nguo za kike, nguo za kiume, viatu, vipodozi, vyombo vya jikoni, samani, vifaa vya watoto. Kila idara ina msimamizi wake anayeagiza mali, ina wauzaji wake na hesabu yake, lakini faida na hasara zote zinamiminika mfuko mmoja. Darajani, soko letu la Unguja, nayo ina hivyo vyote, tena ukikata kona moja tu unatoka kwenye madira unaingia kwenye masufuria, ila kila hatua mbili umebadilisha mwenye mali. Michenzani Mall ni jengo moja, lakini waliomo ni wapangaji. Supamaketi ina mwenyewe mmoja, ila uti wa mgongo wake ni chakula na sabuni. Ikiuza na magodoro bado ni supamaketi iliyoongeza magodoro.

Ukubwa peke yake, basi, hautoshi. Kuna jambo jingine ambalo sisi huku tunalipita bila kuliona, nalo ni bei.

Nenda Darajani siku za kumi la mwisho la Ramadhani, uulizie doti ya kanga. Muuzaji atakwambia elfu kumi na nane. Utaguna. Utaishika, utaikunjua, utasoma jina lake, utairudisha. "Haya, wewe una ngapi?" Utasema kumi na mbili, yeye atacheka kama uliyemtukana kwa upole, na mwisho mtakutana kumi na nne au karibu na hapo. Mchezo huu unachezeka kwa sababu aliyesimama mbele yako ni mwenye mali au mtoto wake au shemeji yake. Anaujua mtaji wa ile kanga hadi senti, kwa hiyo anajua anaweza kushuka mpaka wapi bila kuumia.

Sasa mchukue mwenye duka mwenye wafanyakazi mia tano. Hawezi kumwachia binti aliyeajiriwa wiki iliyopita apatane bei na kila anayeingia. Binti hajui mtaji, na akiujua, pengine shoga zake wote watanunua kwa bei ya mtaji. Dawa ni kuiandika bei kwenye kibandiko na kuifunga kwenye nguo. Bei moja kwa tajiri na maskini, haipungui. Sisi tunaisoma "haipungui" kama ubahili wa muuzaji, kumbe bila ya neno hilo duka la idara lisingeweza kuajiri watu na kukua.

Wa mwanzo kulifanya hili kwa ukubwa hakuwa Mzungu. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akaliita Echigoya. Sera yake ilikuwa ya maneno machache: fedha taslimu, bei haijatiwa chumvi. Wakati huo wauzaji wa vitambaa huko walikuwa wakipeleka mali majumbani mwa wakubwa, wanakopesha, wanalipwa baadaye sana, na kwa ajili ya kungoja huko wanapandisha bei. Mitsui alikata mkopo, akashusha bei, akaanza kuuza kitambaa hata kipande kwa mteja wa kawaida. Echigoya ndiyo iliyokuja kuitwa Mitsukoshi, na Mitsukoshi ipo mpaka leo.

Paris jambo hili lilipata jengo la kulitosha. Aristide Boucicaut aliingia ubia wa duka la Le Bon Marché mwaka 1852. Aliweka bei zilizoandikwa, akaridhika na faida ndogo kwa kila kitu mradi vitoke vingi, akaruhusu mteja kurudisha mali asiyoipenda, na akaacha mlango wazi kwa yeyote aingie, atazame, atoke mikono mitupu. Hili la mwisho kwetu halina ajabu, maana kuranda madukani bila ya kununua ni starehe ya siku zote. Ulaya ya wakati ule kuingia dukani kulikuwa karibu sawa na kuahidi kununua. Hilo la kurudisha mali bado halijatufikia, tazama chini ya risiti yako: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Mlango ukiwa wazi na bei ikiwa haisemeshwi, mwenye duka anabaki na kazi moja, kukufanya usitoke. Ndiyo maana majengo yale yalijengwa kama kasri. Teknolojia yake Wazanzibari tunaifahamu vizuri kuliko tunavyodhani: nguzo za chuma, umeme, lifti, mambo yaleyale ambayo watu walikwenda kuyastaajabia Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Tofauti ni kwamba Ulaya na Marekani maajabu hayo alifunguliwa mlango fundi cherehani na mkewe, mradi wawe wamevaa safi.

Harrods ya London iliweka ngazi inayokwenda yenyewe mwaka 1898, na wateja waliofika juu wakiwa wamepigwa na bumbuwazi walipewa brandi ya kuwarejesha roho. (Darajani mwenye bahati hupewa kahawa chungu, na ngazi hakuna.) Macy's ya New York, kwenye jengo lake la Herald Square lililofunguliwa 1902, bado ina ngazi za umeme ambazo vidato vyake ni vya mbao, zinakoroma kama jahazi. Selfridge, Mmarekani aliyejifunza kazi katika duka la Marshall Field's la Chicago, alifungua lake London mwaka 1909, na mwaka huohuo akaonyesha ndani ya duka ndege ambayo Louis Blériot alikuwa ametoka kuvukia mkono wa bahari kutoka Ufaransa. Watu walifurika. Waliokuja kuona ndege wakapita kwenye glavu na manukato.

Ninayoipenda zaidi ni picha ya Japani. Mpaka miaka ya 1920 mteja wa duka kubwa kule alivua viatu mlangoni, akawaachia watunzaji, kisha akaingia. Duka likikua, kazi ya kutunza viatu nayo inakua: maelfu ya jozi kila siku, na kila mtu atoke na vyake. Aliyewahi kutafuta ndara zake mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa ataelewa kwa nini hatimaye waliamua watu waingie na viatu.

Sasa turudi kwenye ule mfuko mmoja, maana ndio ulioyalea maduka haya na ndio ulioyaua. Idara zote hazikuwa na faida sawa. Samani zinakula nafasi na hutoka polepole. Vipodozi vinakaa kwenye kaunta ndogo na vinaingiza fedha nyingi, ndiyo maana mpaka leo ukiingia duka la namna hii harufu ya manukato inakupokea mlangoni. Idara iliyoshiba ililisha yenye njaa, na mteja aliyefuata sufuria alitoka na soksi. Kisha wakaja wauzaji wa kitu kimoja kimoja: huyu samani tu, yule vifaa vya umeme tu, yule viatu vya michezo tu, kila mmoja ana aina nyingi na bei ya chini. Hakuna aliyelivunja duka la idara kwa pigo moja. Walikuwa wakiling'oa chumba baada ya chumba, mpaka zikabaki idara za kubebwa na wa kuzibeba hayupo.

Sears ya Marekani ndiyo hadithi inayouma. Iliuza kwa katalogi na posta kila kitu, hata nyumba: kati ya 1908 na 1940 mteja aliweza kuagiza nyumba nzima, mbao zikafika kwa treni zimeshakatwa kwa vipimo, akaenda kuziunga mwenyewe. Mwaka 1993 ikaifunga katalogi yake kubwa. Mwaka uliofuata Amazon ikaanzishwa. Sears iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Oktoba 2018.

Lakini intaneti inatwikwa na makosa yasiyo yake. Debenhams ya Uingereza, ambayo asili yake inarudi mwaka 1778, iliuza majengo ya maduka yake 23 mwaka 2005 kisha ikayapanga kwa mikataba ya miaka mingi. Mtu wa Mji Mkongwe aliyeuza nyumba ya urithi akabaki humohumo kama mpangaji anajua mambo huendaje: fedha huliwa mara moja, kodi hailali. Wateja walipopungua, duka halikuwa na ukuta wake wa kuegemea. Maduka ya mwisho yalifungwa Mei 2021, na jina likanunuliwa kwa pauni milioni 55 na kampuni inayouza nguo mtandaoni, jina tupu bila ya maduka wala wafanyakazi. BHS, duka jingine la idara la Uingereza, nayo iliuzwa kwa pauni moja mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikawa haipo.

Afrika tunayo yetu. Stuttafords ya Cape Town ilidumu kuanzia 1858 hadi 2017. Kairo ilikuwa na Cicurel, Sednaoui na Omar Effendi, maduka ya fahari yaliyochukuliwa na serikali baada ya mapinduzi ya Misri. Huko kilichobadili mambo ni siasa, si ushindani.

Na sisi? Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilishika biashara, na wazee bado wanasimulia maduka ya serikali na foleni zake. Ukiangalia kwa jicho la maana tu, yale yalikaribia: mwenyewe mmoja, bei moja, haipungui. Kilichokosekana ni mali rafuni. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, wafanyabiashara hawakujenga duka moja kubwa. Walifungua milango elfu midogo, kila ukoo na bidhaa yake na daftari lake la wadaiwa. Duka la idara linataka mji wenye watu wengi wa mshahara, wanaoletwa katikati na treni au basi, wanaolipa papo hapo, wasiojuana na muuzaji. Unguja muuzaji anamjua hata mama yako.

Yaliyobaki hai duniani yamebadilika kiasi cha kuivuruga maana niliyoitoa. Japani na Korea Kusini sehemu kubwa ya sakafu imekabidhiwa kampuni zenye majina: mali ni yao, wauzaji mara nyingi ni wao, duka linachukua asilimia yake. Shinsegae ya Busan, ambayo mwaka 2009 iliinyang'anya Macy's sifa ya kuwa duka la idara kubwa kuliko yote, ilifunguliwa ikiwa na hata uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Ukitembea ndani, kila hatua mbili umebadilisha mwenye mali. Bibi angesema alikwambia tangu mwanzo kwamba hilo ni soko.

Hudson's Bay haikufika huko. Majengo yalipofungwa, jina lake na alama zake, pamoja na ile mistari minne, vilinunuliwa na Canadian Tire, kampuni nyingine ya maduka ya Kanada, kwa dola milioni 30 za Kanada. Mama mdogo anasema mablanketi yale sasa yanatafutwa, akamwomba bibi alitunze lake.

Bibi alilitoa sandukuni, akakung'uta karafuu, akalitandaza kitandani tulitazame. Kibandiko cha bei bado kinaning'inia pembeni kwa uzi wake. Alikishika, akanisomesha tarakimu, akanitaka nizigeuze kuwa shilingi. Nilipomtajia alinyamaza kidogo.

"Na hakuomba apunguziwe?"