Maswali na majibu: majeraha ya vidole kwenye mashine za kuchonga urembo wa mbao

Mashine hizi hujeruhi vipi?

Mashine ya kuchonga urembo wa fremu za milango na kingo za meza ina mhimili uliosimama katikati ya meza, na visu vilivyofungwa juu yake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Visu hivyo hung'oa nyama na mfupa kwa pamoja, hivyo jeraha huwa limechanika ovyo na kujaa unga wa mbao. Mara nyingi chanzo ni ubao uliorushwa nyuma baada ya kisu kugonga fundo, au kipande kifupi kilichosukumwa kwa vidole vitupu.

Nikikatwa, nianze na nini?

Zima mashine, vua pete kabla kidole hakijavimba, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kulifunuafunua, inua mkono juu ya usawa wa moyo na uelekee hospitali. Usikaze kidole kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa kuwa mpira huo unaweza kuua sehemu ambayo kisu kiliiacha hai.

Mafuta ya taa, masizi, gundi au unga wa mbao husaidia kuzuia damu?

Hapana. Kinachozuia damu ni kukandamiza. Vitu hivyo huunguza nyama, huingiza uchafu na humlazimu daktari kukata sehemu ambayo ingeshonwa.

Fundi wetu mkuu alipaka mafuta ya taa na akapona.

Alipona licha ya mafuta ya taa. Mwombeni akunje kidole hicho mbele yenu, kisha mtuulize tena.

Damu ikikoma, naweza kumaliza oda ya mteja na kwenda hospitali kesho?

Hapana, usisubiri kesho. Damu hukoma hata pale kano inayokunja kidole ilipokatika, na fundi huligundua hilo wiki kadhaa baadaye anaposhindwa kushika nyundo. Unga wa mbao uliobaki ndani ya jeraha huleta usaha, na usaha ukifika kwenye mfupa matibabu huchukua miezi. Vilevile unahitaji kupimwa kama unastahili chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa hukumbuki ulichomwa lini mara ya mwisho. Tunarudia kwa sababu tunarudishiwa jibu lilelile kila mara, kwamba mteja alikuwa anasubiri fremu zake: nenda siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Je, nisubiri fomu ya polisi, yaani PF3?

Majeruhi apelekwe hospitali moja kwa moja, na mwenzake ashughulikie fomu.

Kidole kikikatika kabisa, kihifadhiwe vipi?

Kisuuze kwa maji safi bila kukisugua, kifunge kwa kitambaa safi kilicholoanishwa kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji na uufunge, kisha mfuko huo uuweke ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kidole kisiguse barafu. Huletwa kwetu hospitalini vidole vilivyofukiwa ndani ya barafu, vyeupe na vigumu, au vinavyoelea katika spiriti, na vyote hivyo vimekwisha kufa. Kikipozwa vizuri, kidole kinaweza kuvumilia hadi takribani saa 24, na kisipopozwa takribani saa 12, lakini kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kufaulu. Si kila kidole huungika, hasa kikiwa kimesagwa, na si kila hospitali ina wataalamu wa kazi hiyo. Kwa hiyo kuwahi hutoa muda wa rufaa, na uamuzi wa kukitupa kidole ni wa daktari, si wa karakana.

Nivae glavu ili nisikatwe?

Usivae glavu karibu na visu vinavyozunguka, kwa maana kisu kikinasa uzi wa glavu huvuta mkono mzima. Kunja mikono ya shati, sukuma mbao kwa kutumia kijiti, zilishe kuelekea upande unaopingana na mzunguko wa visu, na vipande vifupi uvichonge vikiwa bado sehemu ya ubao mrefu, ukate baadaye. Kinga ya visu ibaki mahali pake hata kama mnadai inachelewesha kazi. Tena, saidia fundi asitumwe kupangusa unga mara tu swichi inapozimwa, kwa sababu visu huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatwa, na mvumo ukishapungua jicho hudanganyika kwamba vimesimama.